Ukuta Una Wenyewe

Makopo 14 ya rangi ya kupuliza yalibaki kwenye meza ya ukaguzi, uwanja wa ndege wa Honolulu, asubuhi moja ya mwaka 2017. Ofisa aliyeyatoa begini mwangu hakunikaripia. Aliyapanga mstari, akanionyesha alama ya moto iliyochapwa ubavuni mwa kila kopo, akanieleza kwamba rangi ya namna hiyo haipandi ndege ya abiria, iwe kwenye begi la mkononi au la mizigo. Kosa lilikuwa langu. Sheria imeandikwa wazi na mimi sikuisoma. Nikafunga begi. Ndani zilibaki brashi, chaki, uzi wa kupigia mistari na dazeni mbili za mahamri ya iliki niliyokaanga usiku wa kuamkia safari.

Ndege ya kwenda mji wa Hilo, kisiwa kingine cha Hawaii, huchukua kama dakika 50, na dakika zote hizo roho yangu ilikuwa chini. Mwenye duka aliyeniita nimchoree ukuta alikwishanilipia tiketi, na mchoro nilikuwa nao tayari kwenye karatasi: wimbi kubwa la bluu, upana wa mita 11, povu lake likipasuka juu karibu na paa. Nilipiga hesabu kwamba kwa makopo yale, kufikia jioni ya siku ya kwanza wimbi lingekuwa limeshasimama ukutani.

Mpaka leo namshukuru Mungu kwamba hayakufika. Ndilo ninalotaka kulishuhudia kwa vijana wa kwetu walioanza kuitwa huku na huko kuchora kuta za miji ya watu.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Baba alikuwa mwandishi wa mabango pale Makupa. Aliandika majina ya maduka, bei za nyama, mbavu za matatu na majina ya mashua. Nilianza kumshikia ngazi nikiwa na miaka tisa, na kushika ngazi ndilo darasa la kwanza la kazi hii: unatazama juu, unaona jinsi mkono wa fundi unavyotulia kabla ya kuvuta brashi. Mwaka 2013 nilihamia Honolulu na mume wangu, aliyepata kazi ya ufundi wa meli. Wazee wa huku wakisikia natoka Kenya hunitajia jina moja, Obama: baba aliyefika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, na mwana aliyezaliwa mjini humo mwaka 1961. Jina hilo limenikalisha kwenye vibaraza vingi.

Na vibaraza vya huku havikunitisha. Viatu huvuliwa mlangoni. Kila mkubwa ni Anti au Anko, uwe umezaliwa naye au umekutana naye leo kwenye kituo cha basi. Sokoni kuna magimbi, na shelisheli za kuchoma. Ukiuliza njia, watu hawakuambii kulia wala kushoto, hukuambia *mauka* au *makai*, yaani upande wa mlimani au upande wa baharini, kama sisi tunavyosema bara na pwani. Nilipoona mtumbwi wao ufukweni, wenye mrengu ubavuni, moyo ulinidunda, maana niliona ngalawa. Wanahistoria wengi wanaamini mirengu ya ngalawa zetu ilitokana na mabaharia wa ukoo ule ule uliofika Madagaska. Mpaka leo mbingu kwa Kimalagasi ni *lanitra*, na kwa Kihawaii ni *lani*.

Msomaji wa Pwani ataniuliza: kwa nini kuhangaika na ndege? Si upande feri tu, kama mtu wa Unguja aendaye Pemba? Feri ya namna hiyo hatuna. Ipo ndogo kati ya Maui na Lānaʻi. Ile kubwa ya kubeba magari ilianza mwaka 2007, na ilipofika bandari ya Nāwiliwili kule Kauaʻi, watu waliingia majini na mbao zao za kuteleza juu ya mawimbi wakaizibia njia. Walitaka kwanza ipimwe itawafanya nini nyangumi, mashamba na barabara zao. Mahakama ya juu ya jimbo iliona kwamba ilikuwa imeruhusiwa kabla ya upimaji unaotakiwa, na mwaka 2009 feri ilikoma. Kwa hiyo watu huruka kwa ndege, na mizigo hukokotwa baharini kwa tishari kutoka Honolulu. Rangi ya kupuliza huhesabiwa mzigo wa hatari, wenye makaratasi yake na siku zake za kungoja. Mchoraji wa visiwani hujifunza kusafiri na brashi tu, na kununua rangi ya maji kule kule anakokwenda.

Duka la rangi la Hilo siku ile lilikuwa na praima nyeupe na ndoo chache. Bluu yangu, wakaniambia, ingechanganywa kesho. Nikafanya ambalo lingefanyika hata hivyo: kuandaa ukuta. Hilo iko upande wa joshini, kule zinakopiga pepo za kaskazini-mashariki. Hunyeshewa zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, na ukuta wake ni mbichi kama ukuta wa kisima. Nilikwangua rangi ya zamani, nikasugua kuvu kwa maji ya klorini, nikabandika kipande cha nailoni kwa tepu pande zote nne. Hicho ni kipimo chetu: ukikuta asubuhi kimetoa jasho kwa ndani, unyevu bado umo ukutani na rangi itabambuka.

Nikiwa nasugua, Anti mmoja alitoa kiti cha kukunja, akakaa chini ya upenu wa ng'ambo akinitazama. Nilikwenda kumwamkia na kumpa mahamri, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, kwetu na kwao; huku mtu hasafiri kisiwa kwa kisiwa bila kifurushi cha chakula. Alikula moja, akasema ni jamaa ya *malasada*, andazi walilokuja nalo Wareno waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Kisha akauliza, "Unachora nini, binti?"

Nikamfungulia karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu, akaikunja vizuri kwa mikunjo ile ile, akanirudishia.

"Wimbi hili linatoka upande gani?"

Nikaelekeza kidevu kwenye ghuba.

"Wimbi hilo mimi nililiona," akasema.

Tarehe 22 Mei 1960 ardhi ilitetemeka Chile kwa kipimo cha 9.5, tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Bahari ilisafiri kama saa 15 kuvuka Pasifiki, na baada ya saa saba usiku wa kuamkia tarehe 23 ikaingia Hilo. Ving'ora vilikuwa vimelia tangu jioni. Mawimbi ya mwanzo yalikuwa madogo, na wapo waliodhani hatari imepita. Watu 61 walikufa. Saa ya mnara wa Waiākea ilisimama saa saba na dakika nne, na ipo mpaka leo barabarani, mishale yake haijasogezwa. Miaka 14 nyuma, tarehe 1 Aprili 1946, bahari ilikuwa imeua watu 96 katika mji huo huo. Mtaa wa Shinmachi, wa Wajapani wengi, ulibomolewa mara ya kwanza, ukajengwa upya, ukabomolewa mara ya pili. Baada ya hapo mji haukujenga tena upande ule. Ndiyo maana kwenye barabara ya Kamehameha maduka yamesimama upande mmoja, yakitazama nyasi. Nilipopita asubuhi nilizisifu zile nyasi. Nilisema moyoni, mji wenye akili, umeacha nafasi ya kutazama bahari.

"Dada yangu hatukumpata," Anti akasema. Kisha, kwa sauti ile ile: "Wewe unaondoka lini?"

"Jumapili, Anti."

"Mimi nitapita hapa Jumatatu kwenda sokoni."

Hakunikataza. Hakuhitaji kunikataza. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijapata kusikia maneno yanayoieleza vizuri zaidi ya hayo: mimi Jumapili, yeye Jumatatu, na kila Jumatatu baada ya hapo. Makopo yangu yangekuwepo, wimbi lingekuwa limekwisha kuchorwa kabla hajatoa kiti chake. Angekaa akalitazama, na kwa adabu ya watu wa kule huenda asingesema neno. Mimi ningerudi Honolulu na picha nzuri ya kuwaonyesha watu.

Usiku ule nilikwenda kwa mwenye duka, nikamwambia sitachora wimbi, na nikamweleza kwa nini. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni wa miaka mitatu tu mjini, naye hakujua. Asubuhi nilipaka praima. Ilipokauka nilimpa Anti kipande cha chaki, nikamwomba anionyeshe kulikuwa na nini pale penye nyasi. Alinyanyuka. Akachora mstari mrefu, akasema hii ni barabara. Akakata vichochoro. Hapa walikuwa wakitengeneza jibini ya soya, mvuke ukitoka alfajiri. Hapa fundi cherehani. Hapa kamba za kuanika nguo, watoto tukipita chini yake shuka zikitupiga usoni. Alipochoka alikaa, na mzee mwingine aliyekuwa akipita akaichukua chaki akamsahihisha: kichochoro hiki kilipinda. Kufikia adhuhuri walikuwa wanne, na mimi nimekaa chini na daftari.

Mchoro niliupanga kwa njia niliyoijua tangu utotoni. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Katikati, kwenye mji, niliweka ramani yao ya chaki, vichochoro vikiwa njano ya taa za dirishani juu ya bluu ya usiku. Pindo tulilifanya majani ya *kalo*, yale magimbi ambayo kwa Wahawaii ni kaka mkubwa wa binadamu, maana katika masimulizi yao mmea wa Hāloa ulizaliwa kabla ya mtu. Mwalimu mmoja wa jirani alileta watoto saba na mihuri ya mianzi iliyochongwa, ile ambayo kwa asili hutumika kupigia nakshi *kapa*, nguo yao ya gome la mti. Watoto walichovya, wakagonga, wakachovya, wakagonga, pindo likazunguka. Na jina, pale kanga inapoweka maneno yake, likawa moja tu: Shinmachi.

Siku ya tatu mvua ilikuja kwa ubavu, ikaingia chini ya turubai, na bluu ikaanza kulia ukutani. Nilisimama na taulo mikononi, sijui nianzie wapi. Wale watoto walikwenda nyumbani wakarudi na mataulo yao. Tulikausha kwa kugusa tu bila kusugua, kama mtu anavyompangusa mtoto aliyelala. Sehemu iliyochuruzika upande wa kushoto niliiacha. Wazee walisema inafaa.

Niliporudi Honolulu nilianza kuutazama mtaa wa Kakaʻako kwa macho mengine. Ni mtaa wa gereji na maghala, kati ya katikati ya jiji na Waikīkī, na ndio ulionifunza ukubwa. Tangu 2011 tamasha la POW! WOW!, alilolianzisha msanii Jasper Wong, lilikuwa likileta kila Februari wachoraji kutoka duniani kote, na kuta zile zile zikapakwa upya juu ya za mwaka uliopita. Nilibeba ndoo pale, nilichanganya rangi, nilijifunza kuendesha lifti ya kuinua watu na kupanua mchoro wa karatasi mpaka ghorofa nne kwa kupiga miraba. Nina deni kwa tamasha lile na sitalisema vibaya. Lakini mwaka baada ya mwaka niliona mafundi wa magari waliotuazima umeme na choo wakifungasha vyombo, na minara ya nyumba za bei kubwa ikipanda nyuma ya michoro yetu. Rangi nzuri huita macho, macho huita fedha, na fedha hupandisha kodi. Mchoraji si yeye anayepandisha kodi. Ila akifumba macho, brashi yake hutumika kulipamba bango la anayepandisha.

Walionionyesha njia nyingine ni Estria Miyashiro na John "Prime" Hina, wachoraji wazawa waliokomaa kwenye grafiti wakaanzisha mradi wa Mele Murals. *Mele* ni wimbo. Wao hawaanzi na rangi. Huwakalisha vijana kimya kwanza, wakasikiliza masimulizi na nyimbo za pale walipo, na mchoro huzaliwa humo. Filamu ya Tadashi Nakamura ya mwaka 2016 inawaonyesha wakiwa Waimea na wanafunzi wa shule. Fikirieni maana yake katika nchi ambayo malkia wake, Liliʻuokalani, alipinduliwa mwaka 1893, na lugha yake ikaondolewa madarasani kwa sheria ya mwaka 1896, isiwe rasmi tena mpaka 1978. Sisi tuliovishwa kipande cha mbao shingoni kwa kusema lugha ya mama shuleni hatuhitaji kuelezwa. Mtoto anapoandika neno la bibi yake ukutani, kwa herufi refu kuliko yeye, anarudisha kitu kilichochukuliwa.

Molokaʻi walinikatalia kabisa. Ni kisiwa cha watu kama 7,000, hakina hata taa moja ya barabarani ya kuongozea magari. Nilikwenda kwa ndege ndogo ambayo rubani unamwona mgongo, nikiwa na wazo la kuchora ukuta wa ghala. Anko mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kuta tunazo. Njoo utusaidie huu."

Alinipeleka pwani ya kusini, kwenye mabwawa ya kale ya samaki. Ni kuta za mawe zilizojengwa baharini karne nyingi zilizopita, zikapindwa nusu duara kutoka ufukweni, zina milango ya vijiti ambayo samaki mdogo hupita kuingia, akishanenepa hawezi kutoka. Mawe hayana saruji; kila moja linashikwa na jirani zake. Kazi ya siku ile ilikuwa kung'oa mikoko. Mimi, mtoto wa Pwani, niliyefundishwa kwamba mkoko ni mama wa kaa na samaki, nilishindwa kuinua panga. Anko akanieleza: huku mikoko haikuwepo. Ilipandwa mwaka 1902 na kampuni ya sukari ili izuie udongo, ikatambaa, na mizizi yake inasukuma mawe mpaka ukuta unafunguka. Nikaelewa kwamba kiumbe kizuri kwao kinaweza kuwa maafa kikipelekwa mahali bila kuulizwa wenyeji. Nikang'oa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa saa ya kwanza, na nililipokea kwa heshima. Sijawahi kuchora Molokaʻi. Mawe niliyoyapanga pale hayana jina langu, na nayahesabu katika kazi zangu.

Tarehe 8 Agosti 2023 mji wa Lahaina, kisiwa cha Maui, uliungua, na watu zaidi ya 100 wakafa. Kabla wiki haijakwisha nilianza kupokea ujumbe kutoka mbali: nenda ukachore matumaini. Waliosema hivyo walinitakia mema. Nilikwenda nikapika wali na kugawa maji. Brashi niliziacha nyumbani. Watakaochora Lahaina ni watu wa Lahaina, siku watakayoona inafaa.

Mwaka jana mwenye duka wa Hilo alinipigia simu. Mvua imeula ukuta, pindo limepauka, herufi mbili za jina zimebambuka. Nikakaanga mahamri, nikafunga brashi, nikaruka. Njiani nilikuwa nikipanga mchanganyiko wa ile bluu kichwani, kwa kuwa kipimo chake sikuwa nimekiandika popote.

Nilipofika nilikuta turubai limekwisha fungwa. Ndoo tatu zilikuwa chini, na ukutani kipande cha nailoni kimebandikwa kwa tepu pande zote nne, kikavu. Juu ya ngazi alikuwa mmoja wa wale watoto saba, sasa binti wa miaka 17, anajaribu bluu kwenye kona. Aliponiona aliniuliza, "Anti, hii ndiyo?"

Ilikuwa nyeusi kidogo kuliko yangu. Nikafungua mdomo kumjibu, kisha nikageuka ng'ambo ya barabara. Yule Anti alikuwa pale pale chini ya upenu, kwenye kiti chake cha kukunja, ana mkongojo sasa. Aliitazama ile kona kwa muda mrefu, kama alivyoitazama karatasi yangu siku ile.

"Usiku wenyewe ulikuwa hivyo," akasema.

Binti akachovya brashi. Ngazi ilikuwa ikicheza kidogo kwenye lami yenye maji, nikaweka begi chini, nikaishika.